Funga Midomo, Puliza

Bomba lenyewe lilikuwa la plastiki. Zamani lilikuwa jeupe, lakini nilipolikuta lilikuwa limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Urefu wake kama kiganja na nusu. Ubavuni lilikuwa na namba, na kando ya namba kishale chekundu ambacho kinasukumwa na pumzi yako. Upande mmoja ndipo unapoweka mdomo. Nilipolishika mara ya kwanza sehemu hiyo ilikuwa bado na unyevu, na haukuwa unyevu wangu.

Naanza na hilo kwa sababu kama unasoma haya, huenda na wewe umeandikiwa kwenda kupima pumzi, na hakuna atakayekuambia habari ya unyevu huo. Watakuambia kipimo hakiumi. Ni kweli, hakiumi. Kinatia kinyaa. Na kinyaa hicho nusura kininyang'anye wadogo zangu.

Tulikuwa watatu nyumbani kwetu Mahongole, pembeni mwa Makambako: mimi Edina, mdogo wangu Tumaini, na Festo wa mwisho. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya mavuno mawili. Shule niliiachia darasa la sita, baba alipolala kitandani. Mama alikuwa shambani na lazima awepo mtu wa kumwaga kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, ndani tumetia majivu, na baba alikohoa humo. Kila asubuhi na kila jioni nililibeba hadi nyuma ya choo, nikachimba, nikamwaga, nikafukia. Kilichokuwemo sitakieleza. Nitasema tu kwamba hakikutoka chenyewe, ilibidi nigonge kopo kwenye jiwe. Tangu wakati ule siwezi kuona mate ya mtu mwingine. Mtu akitema njiani nageuza uso. Sijawahi kumalizia uji aliouacha mtoto. Wadogo zangu walinijua hivyo, na Festo alikuwa na tabia ya kulamba kijiko changu makusudi ili nimwachie ugali wake.

Tulipomaliza kumzika mama, ukoo ulikaa. Mdogo wake baba, ambaye anaishi Kifanya na ana shamba la miti huko, alikuwa tayari amepanga. Festo angekwenda naye. Tumaini angepelekwa Iringa kwa watu waliokuwa wanatafuta msichana wa kazi za ndani. Mimi ningetafutiwa mume. Nilipiga magoti mbele ya wazee, nikaomba niachiwe wadogo zangu na nyumba yetu.

Baba mdogo akasema, "Haya, Edina. Kaa nao. Lakini siku nguvu zikikuishia usinifiche. Nitakuja kuwachukua, na hutanung'unika."

Nilisema, "Ndiyo, Baba mdogo," mbele ya watu wote.

Miaka ile biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Awali mzani ulikuwa wa ushirika peke yake, sasa kila mwenye lori alinunua. Pale Makambako, ambapo barabara ya Songea inaachana na ya Mbeya, maghala yaliota mtaa mzima. Nilipata kazi kwenye ghala la Bwana Hamadi, mfanyabiashara kutoka Tanga, mtu wa swala tano ambaye hakutaka matusi ndani ya ghala lake. Tulikuwa wanawake wanane. Tulipepeta mahindi, tukachambua yaliyooza, na kabla magunia hayajafungwa tulichanganya dawa ya unga ya kuzuia wadudu, kwa koleo, kama wajenzi wanavyochanganya saruji. Milango ilifungwa ili upepo usipeperushe dawa. Tulitoka humo weupe mpaka kwenye kope.

Ulikuwepo utaratibu kwamba jioni sakafu ifagiwe na mafagio yawe ya mwanamke wa zamu. Mafagio ni chenga, makapi, wadudu waliokufa, mavi ya panya, na ile dawa. Ilipofika zamu yangu nilibeba nyumbani, nikaosha mara tatu, nikatwanga. Niliwalisha wadogo zangu kitu hicho. Rangi ya maji ya kwanza ya kuoshea sijaisahau hata leo.

Msimu wa kwanza ulipita salama. Msimu wa pili, mahindi mapya yalipoanza kuingia mwezi wa nane, kifua kilianza. Kwanza kilikuwa kikohozi kikavu cha jioni. Kisha kikaja kitu kama filimbi, kinalia ndani yangu nikivuta pumzi na kinalia zaidi nikiitoa. Nikipenga kamasi ilitoka ya kijivu, nzito kama gundi ya unga. Jasho langu lilinuka dawa. Nilikonda mabega yakawa kama kiango cha nguo, na shingoni pakawa na mashimo mawili yaliyoingia ndani kila nilipovuta hewa. Sikujipenda kabisa. Nilikuwa najisikia kama kile kitu nilichokuwa nakigonga kwenye jiwe.

Na watu wakaanza. Kwetu mtu aliyefiwa na baba na mama, kisha akakonda na kukohoa, watu hawamuulizi kitu, wanajua wenyewe. Jirani aliyezoea kuomba chumvi aliacha kuomba. Nilipokwenda Kifanya kusalimia, mama mdogo, mke wa Baba mdogo, alinipa chai kwenye kikombe cha bati chenye kutu ukingoni, wakati wengine walinywea vya udongo. Nilipotoka nje nilimwona anakisugua kwa majivu, mkono ameunyoosha mbali na mwili.

Kanisani mzee wa kanisa alinifuata baada ya ibada, kofia ameishika mbele ya tumbo. "Binti yangu," alisema, "si mimi, ni waumini. Wakati wa Chakula cha Bwana, ingekuwa vyema ukija mwisho kwenye kikombe."

Usharika wetu tunanywa kikombe kimoja. Mchungaji anafuta ukingo kwa kitambaa, anazungusha, anampa anayefuata. Kwa hiyo nikawa mtu wa mwisho. Waliogopa mdomo wangu, na mimi nikapewa midomo ya usharika mzima, na vipande vya mkate vimelainika chini. Nilikunywa nimezuia pumzi. Mungu anajua nilikuwa nafikiri nini.

Baba mdogo alikuja mwezi wa tisa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mahali penye upepo, akanisikiliza ninavyopumua.

"Hicho ni kifua cha kaka yangu," alisema.

"Ni vumbi tu, Baba mdogo."

"Hata yeye alisema ni vumbi." Akamtazama Festo aliyekuwa anakula. "Leta karatasi ya hospitali. Ikisema mapafu ni mazima, nitanyamaza. Ikisema yamekwisha, tutafanya tulivyosema."

Nilianzia Njombe mjini. Pale walinipa vikopo vya makohozi, cha kwanza pale pale, cha pili cha kwenda nacho na kukirudisha asubuhi, kisha cha tatu. Kwenye benchi tulikaa kama watu kumi na tano, kila mmoja na kikopo chake amekifunika kwa pindo la kanga au koti, na hakuna aliyetaka kumtazama jirani. Mimi kifua changu kilikuwa kikavu. Nilikohoa nikakohoa, nikapata mate matupu.

Mama mmoja wa Kikinga aliyekaa karibu yangu alinigonga kiwiko. "Hayo ni mate ya mdomoni, mwanangu. Watakurudisha. Nenda pale nyuma, inama, kohoa kutoka kwenye kitovu." Kisha akanionyesha kikopo chake bila haya. "Unaona? Namna hii."

Niliona. Nikatapika kwenye maua. Lakini kule kutapika kulileta na kohozi, nikalikinga. Mama yule alicheka mpaka akalia, akasema nimewapunja, kipimo changu nusu ni chai. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu kifua kianze, na ninamkumbuka kwa hilo.

Vikopo vyote vitatu havikuonyesha vijidudu vya kifua kikuu. Nikadhani hapo ubishi umeisha. Baba mdogo akasema kutokuonekana si kutokuwepo, na mapafu yenyewe hayajasemwa. Daktari naye alisikiliza ile filimbi, akaniandikia barua niende hospitali moja ya misheni milimani, ambako kulikuwa na bomba la kupima nguvu ya pumzi. Baba mdogo alisema tutakwenda wote.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi na ukungu. Mpimaji alikuwa mzee wa makamo ya marehemu baba yangu, ana sweta lililotoboka kiwiko. Wote walimwita Mzee tu. Kabla yangu alimpima mwanamume mwenye ndevu. Yule mtu alipuliza mara tatu, akalitoa bomba mdomoni, na uzi wa mate ukafuata, ukavutika, ukakatika. Mzee alifuta kwa pamba yenye spiriti, mara moja, akanikabidhi.

"Simama wima," alisema. "Vuta hewa mpaka ijae. Weka mdomo, funga midomo kabisa, hewa isitoke pembeni. Kisha puliza mara moja, kwa nguvu zote."

Spiriti ilikuwa haijakauka, na chini ya harufu ya spiriti ilikuwepo harufu nyingine, ya mdomo wa mtu aliyelala. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Nililileta bomba usoni, nikalizungushia vidole pale mwisho, kana kwamba nalishika vizuri, na midomo yangu nikaiacha nyuma ya vidole bila kugusa. Tena Mzee alikuwa ameketi mbele yangu kabisa. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hampulizii mtu mzima pumzi usoni, hata kikohozi unageukia pembeni. Nikageuza uso kidogo, nikapuliza kwa adabu.

Kishale kilisogea kidogo kikasimama.

"Tena. Kwa nguvu."

Nikafanya vile vile. Mara ya tatu vile vile. Mzee aliandika, akachukua kikopo cha dawa ya kuvuta inayofungua kifua, nacho cha kuweka mdomoni, nacho kimetumiwa na wengine. Nilikishika mbali na midomo. Dawa ilitoka kama moshi mweupe ikaenda zake hewani. Tukasubiri kwenye benchi. Baba mdogo alikuwa anasoma tangazo moja ukutani, nadhani alilisoma mara ishirini. Tuliporudi ndani nikapuliza tena, na kishale kikaenda pale pale kilipokwenda mwanzo.

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Unapuliza kwa nguvu zako zote?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa mpaka nje. Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Baba mdogo amesoma mpaka darasa la nane. Karatasi aliipokea yeye. Ilisema pumzi ni dhaifu sana, na dawa haikuleta mabadiliko. Aliikunja mara mbili akaitia mfuko wa ndani wa koti. Tukatembea mpaka stendi.

"Mwanangu, sikulaumu," alisema. "Umejitahidi kuliko nilivyotegemea. Shule zikifungwa Desemba nitakuja na gari la mbao. Waandae."

Nilikuwa nimeahidi mbele ya ukoo, na sikunung'unika. Nilirudi nyumbani, nikawaambia wadogo zangu wakiwa wanakula. Festo aliuliza kama Kifanya kuna mpira. Tumaini aliosha vyombo vyote, akavipanga, akaja kukaa mbele yangu jikoni.

"Dada, hilo bomba likoje?"

Nikamweleza.

"Na wewe ulipuliza?"

"Nilipuliza."

"Ulipuliza ukiwa umelitia mdomoni?"

Nilisogeza kuni motoni. Tumaini alikuwa na miaka kumi na minne na alinijua kama mfuko wake mwenyewe.

"Dada."

"Lilikuwa na mate ya mtu," nilisema.

Aliweka mikono kichwani. "Kopo la baba ulilimwaga mpaka siku ya mwisho. Leo plastiki inakushinda?"

"Kopo la baba sikulitia mdomoni."

"Kwa hiyo mimi nikaoshe vyombo vya watu Iringa kwa sababu wewe unaona kinyaa."

Sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kama hilo, na lilikuwa sahihi. Nilitaka kumweleza kwamba kinyaa si kiburi, kwamba mwili unakataa wenyewe. Niliona aibu kulisema. Nikasema tu, "Nitarudi."

"Ukirudi utafanya vile vile. Ninakujua."

Kesho yake alitoka shule na kipande cha mwanzi, kama vile vinavyobaki watu wakikata mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi. Alikikata kikawa na urefu wa bomba, akapanga mbegu za maboga mezani. Akatia mdomoni, akafunga, akapuliza, mbegu zikaruka mpaka ukutani. Kisha akakilamba pale mwisho, pande zote, taratibu, huku ananitazama, akaninyooshea.

"Sasa wewe."

"Tumaini, kaoshe hicho."

"Huko watakuoshea?"

Festo alikuwa anajigaragaza chini kwa kicheko. Nilijaribu. Siku ya kwanza niligusa tu, nikaenda nje kutema. Siku ya pili nilifunga midomo lakini nikasahau kupuliza. Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila jioni kwa majuma mawili, mvua za kupandia zikianza. Tumaini analamba, mimi nafunga midomo, napuliza, mbegu mbili tatu zinasogea. Kinyaa hakikwisha, na sitaki kukudanganya kwamba kitakwisha. Nilichojifunza ni kwamba kinyaa kinaweza kuwepo kooni na midomo ikafunga hivyo hivyo.

Safari ya pili nilikwenda na Tumaini, bila kumwambia Baba mdogo. Mzee alikuwa na sweta lile lile. Alipekua daftari akakuta jina langu.

"Wewe tulikupima. Nani amekuambia urudie?"

"Nimejiambia mwenyewe, Mzee. Siku ile nilikudanganya. Sikufunga midomo."

"Kwa nini?"

Nilitazama chini. Tumaini akajibu, "Anaona kinyaa, Mzee. Hata kijiko cha mdogo wake hatumii."

Mzee alivua miwani. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki, maana foleni ilikuwa ndefu kuliko ya siku ile. "Mimi ndiye ninayelikosha kila jioni," alisema. "Hutaniambia wewe kuhusu kinyaa. Huwa nafikiria kitu kingine."

"Unafikiria nini, Mzee?" Tumaini aliuliza.

"Ng'ombe wangu." Akachukua pamba, akalifuta bomba mbele yangu mara mbili, akalipepea kwa daftari mpaka spiriti ikakauka. Hakulazimika kufanya hivyo. "Hivi ndivyo ninavyoweza. Jipya sina."

Ukingoni mwa bomba palikuwa na alama za meno. Niliziona, na nilijua zitaingia ndani ya mdomo wangu. Niliwafikiria wale ng'ombe wa Mzee, haikusaidia. Nikavuta hewa mpaka filimbi zikalia, nikafunga midomo juu ya alama za meno ya mtu nisiyemjua, nikampulizia mzee wa watu usoni.

Kishale kiliruka. Hakikufika mbali sana, lakini kilipita pale kilipoishia siku ile na kuendelea. Mara tatu. Kisha kikopo cha dawa, nacho nikakitia mdomoni na kukifungia midomo, na safari hii ule moshi uliingia kwangu, mchungu, baridi. Tukasubiri kwenye benchi. Nilitema kwenye leso mpaka mate yakakauka. Halafu, taratibu, bila mtu kuniambia, nikagundua kwamba filimbi imenyamaza. Nilikuwa nimekaa nasikia watu wanaongea, na hapakuwa na mlio katikati. Ulikuwa umelia zaidi ya miezi mitatu.

Niliporudi kupuliza, kishale kilikwenda juu mpaka Tumaini akasema "ee" kwa sauti ndogo.

Mzee aliandika namba, akaziweka mbili pamoja, ya kabla na ya baada. "Kifua hiki kinafunguka," alisema. "Hiyo ni pumu. Unafanya kazi gani?"

Nilimweleza habari ya ghala, dawa, milango kufungwa. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dawa nitakuandikia. Lakini ukirudi kwenye vumbi hilo nitakuona tena hapa, na bomba ni hili hili."

Baba mdogo tulimkuta Kifanya kwenye kitalu, anapandikiza miche kwenye viriba vya plastiki. Alikuwa na udongo mikononi, kwa hiyo nilimshikia karatasi mpya asome. Alisoma mara mbili. Akanawa, akaenda ndani, akarudi na ile ya kwanza, ambayo alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia.

"Karatasi mbili, kifua kimoja," alisema. "Nishike ipi?"

Nikamwambia kweli yote. Sikubakiza kitu, hata vidole nilivyozungushia bomba yeye akiwa mlangoni. Nilitegemea hasira.

"Yaani ulikuwa tayari kuwapoteza hawa kwa ajili ya mate?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

Alikaa juu ya rundo la viriba. Mama mdogo alikuwa anatuchungulia kutoka jikoni. Baba mdogo alianza kung'oa udongo chini ya kucha kwa kijiti, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kaka yangu aliumwa miaka miwili," alisema. "Nilikuja kumwona mara ngapi?"

Nilijua. "Mara mbili."

"Unajua kwa nini?"

Nilidhani ni shamba, na njia, na mvua. Nikasema hivyo.

"Lile kopo," alisema. "Lilikuwa chini ya kitanda. Niliketi pale nikawa sioni kingine, sikumsikia hata alichokuwa ananiambia. Nikasema moyoni nitarudi wakiwa wameliondoa." Akatupa kijiti. "Wewe ndiye uliyekuwa unaliondoa."

Hatukutazamana. Baadaye alisema wabaki, ila niache kazi ya ndani ya ghala, na kama nitakohoa mpaka kupandia kwingine tutazungumza upya. Ile karatasi ya kwanza hakunipa. Mama mdogo alileta chai. Kikombe changu kilikuwa cha bati, kile kile. Nilikunywa.

Kuhusu kazi, nilikwenda kwa Bwana Hamadi nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alinisikiliza, akasema kumbe na yeye usiku kifua humbana na alidhani ni baridi ya huku kwetu. Alinihamishia uani kushona midomo ya magunia kwa shazia, penye upepo. Baada ya hapo milango ya ghala ikawa inaachwa wazi wakati wa kuchanganya dawa, wanawake wanafunga kanga puani. Mafagio niliwaachia wenzangu na sikuwaambia wayaache, maana walikuwa na watoto nyumbani. Hilo bado linanisumbua.

Sijapona kwa maana ya kusahau. Mwezi wa sita na wa saba, jivu jeupe la baridi linapolala kwenye majani asubuhi, filimbi inarudi, na natembea na kikopo changu cha dawa kwenye mkoba. Ni changu peke yangu. Festo anajua akikigusa hatakula. Lakini nalala nimenyoosha mgongo, na mashimo ya shingoni yamejaa.

Wewe unayekwenda kupimwa, nakuomba kitu kimoja. Usiwe na adabu mbele ya bomba hilo. Mwambie mpimaji kinachokushinda kabla hujapuliza, si baada ya majuma mawili. Na kama ni kinyaa, kione na ufunge midomo.

Mwaka uliofuata Tumaini alipata Kipaimara hapa hapa usharikani kwetu. Baba mdogo alikuja na mama mdogo, amevaa lile koti. Mzee wa kanisa alikuwa amenifuata wiki moja kabla, kofia tumboni, akasema sasa naweza kwenda kwenye kikombe na watu wengine, kwa zamu yangu. Kwa hiyo nilipiga magoti katikati ya mstari, na Tumaini, mwenye gauni jeupe tulilolipunguza kiuno, alipiga magoti kushoto kwangu.

Kabla yangu alikunywa bibi mmoja asiye na meno. Mchungaji alifuta, akazungusha, lakini alama ya midomo yake ilibaki, nikaiona ikinijia. Nikanywa. Mchungaji akafuta tena, akazungusha, akashusha kikombe kwa mdogo wangu. Tumaini aliutazama ukingo, akageuza macho kidogo kunitazama mimi, akavuta pumzi mpaka ikajaa, akafunga midomo juu ya ukingo.